Kukaa na wa Kwetu: Kosa Linaanzia Wapi?



Je, ni kosa mwanafunzi kukaa na watu wa kwao? Swali laonekana dogo, lakini aliyesoma sekondari ya kijijini yenye watu wa mataifa mengi anajua uzito wake. Darasani sare ni moja. Kengele ya chakula ikilia, kila lugha inashika mti wake: Wasomali huku, Banyamulenge kule, Warundi pale, na Wanyankole wenyeji upande wao. Hakuna aliyeamuru, na hakuna anayevuka.

Kutoka Ruti, hapa Mbarara, hadi makazi ya Nakivale wilayani Isingiro si safari ndefu. Makazi hayo yalianza na Wanyarwanda waliokimbia kwao, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Leo wamo pia Wakongo, Wasomali, Warundi, Waethiopia na wengineo, na watoto wao husoma pamoja na wenyeji.

Tuwe waadilifu kwanza. Kijana aliyesoma kwa Kifaransa huko Kongo anafika Uganda na kukuta masomo ni kwa Kiingereza. Mara nyingi hurudishwa madarasa ya chini, akakaa mtu mzima kati ya watoto. Akimpata wa kucheka naye kwa lugha ya mama, hiyo ni rehema. Tena Surat al-Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili tujuane. Uislamu haukuja kumwambia mtu alionee haya kabila lake.

Basi kosa linaanzia wapi? Katika safari moja ya Mtume (S.A.W.), vijana wawili waligombana, mmoja Muhajiri na mwingine Ansari. Huyu akawaita Muhajiri wenzake, yule akawaita Ansari wenzake. Mtume akaukemea wito huo, akauita wa kijahilia na wenye uvundo. Tuangalie vizuri: Muhajiri na Ansari ni majina ambayo Qur'ani yenyewe imeyasifu. Mmoja ni jina la aliyehama kwa ajili ya dini yake, mwingine ni la aliyempokea. Hata jina tukufu kiasi hicho liligeuka uvundo lilipotumiwa kukusanya watu kabla ya kuuliza nani amedhulumiwa. Ndipo Mtume akafundisha kwamba ndugu yako husaidiwa akiwa mdhulumiwa na akiwa dhalimu, na dhalimu husaidiwa kwa kuzuiwa.

Ugomvi ule wa vijana haukuishia hapo. Abdullah bin Ubayy, mtu mkubwa wa Madina, aliukamata na kutishia kwamba wakirudi mjini, wenye nguvu watawafukuza wanyonge. Yaani wenyeji wawatoe wageni. Sisi wa Ankole tunajua maneno kama hayo huishia wapi. Oktoba 1982, watu walioitwa Wanyarwanda walifukuzwa majumbani mwao katika eneo hili, mali na ng'ombe zikaporwa. Miongoni mwao walikuwemo raia wa Uganda. Wengine walivuka mpaka kuingia Rwanda, wengine wakakimbilia Nakivale. Anayemfukuza jirani hazuki siku moja. Amezoea kwanza kumwita kwa jina la dharau.

Wapo watakaosema, "Majina yale ni utani tu." Aya ya 11 ya sura ile ile inakataza kuitana kwa majina mabaya, na anayejua kama utani umeuma ni aliyetaniwa. Wengine watasema watu hawachanganywi kwa nguvu. Ni kweli, lakini Mtume hakuwaacha vivi hivi pia. Madina aliunga udugu kati ya Muhajiri mmoja na Ansari mmoja, mtu na mtu. Makabila yalibaki, ila kila mmoja akawa na ndugu ng'ambo ya pili.

Haya yanatuhusu sisi wa chuo kikuu. Likizo tunakwenda mashuleni kufundisha na kutoa mawaidha. Wadogo zetu wanatutazama: tunafuturu na nani, maswali ya mitihani iliyopita tunampa nani, na viongozi wa jumuiya tunawachagua kwa uaminifu au kwa lafudhi.

Maneno ya Ibn Ubayy yalimfikia Mtume kupitia kijana mdogo, Zayd bin Arqam. Zayd alikuwa Ansari, wa kabila lile lile la Khazraj. Ibn Ubayy akaapa kwamba hakusema, watu wakamwona Zayd mwongo, naye akahuzunika mno, mpaka Surat al-Munafiqun ikateremka kumsadikisha. Zayd hakuacha kuwa Ansari. Alikataa tu Uansari umfunge mdomo.

Basi kaa na wa kwenu, kula nao, cheka nao. Lakini siku mmoja wao atakapomtusi mgeni mbele yako, jiulize: nani atasikia sauti yako kwanza, aliyetukanwa au aliyetukana?