Barua kwa Asafu

Somo: Nehemia 2:1–8; 3:1–14; 5:1–15



Nehemia alipopata nafasi ya kuomba neno mbele ya mfalme Artashasta, aliomba barua. Za kwanza zilikuwa za maliwali wa ng'ambo ya Mto, wampitishe salama mpaka Yuda. Ya mwisho ilikuwa ya mtu mmoja aitwaye Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili ampatie miti ya milango ya ngome, ya ukuta wa mji na ya nyumba atakayokaa. Sisi wahubiri humpita Asafu mbiombio. Tunawahi kwa Sanbalati na Tobia, maana maadui wananoga kuhubiriwa. Biblia yenyewe haina mengi juu yake. Inatuambia tu kwamba msitu ulikuwapo, ulikuwa na mlinzi, na mwenye kutaka mti alipita kwa huyo mlinzi akiwa na karatasi.

Na aliyeiomba karatasi hiyo ni nani? Ni mnyweshaji wa mfalme, mtu aliyefunga na kulia siku nyingi kwa ajili ya Yerusalemu, na mkono wa Mungu ulikuwa juu yake. Angeweza kusema kwamba kazi ya Mungu haihitaji kibali. Hakusema hivyo. Aliomba kibali kabla hata hajaanza safari.

Juma hili ninaomba tukae kidogo na Asafu, kwa sababu huku kwetu, toka Rungwe na Mbarali mpaka Iringa Vijijini, Kilolo na Mufindi, wapo watu wengi wanaofanya kazi yake, na shukrani wanazopata ni chache mno.

Wanaitwa Kamati ya Maliasili, na kwingine Kamati ya Mazingira. Wamechaguliwa na wanakijiji wenzao. Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilifungua mlango ambao zamani ulikuwa umefungwa: kijiji kinaweza kutenga msitu ndani ya ardhi yake, kikaweka mipaka, kikaandika mpango wa kuusimamia na sheria ndogo zake. Mkutano mkuu wa kijiji ukipitisha na halmashauri ya wilaya ikiidhinisha, msitu ule unakuwa wa kijiji kwelikweli, na faini na ushuru wake ni mali ya kijiji. Lakini karatasi hailindi mti. Anayelinda ni yule mama na yule kijana wanaotoka kwenye doria wakiwa wamelowa umande mpaka magotini, kisha wanageukia shamba lao wenyewe lililochelewa palizi. Ndio wanaofyeka njia za kuzuia moto kabla nyasi hazijakauka, maana kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi moto mmoja wa mchoma mkaa au mwinda panya unatosha kuimaliza milima. Ndio wanaokagua mipaka, wanaoandika faini, wanaoshika kitabu cha risiti. Mshahara hawana. Posho ikipatikana ni kidogo, na mara nyingi haipatikani.

Wapo wanaosema kazi ya namna hii haizai kitu. Ninawaomba wafike Mfyome, katika Wilaya ya Iringa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati mradi wa MEMA uliosaidiwa na Denmark ulipokuwa ukivisaidia vijiji vya mkoa huo kushika misitu yao, Mfyome ilikuwa miongoni mwa vijiji vilivyoanza kusimamia wenyewe uvunaji wa kuni na mkaa na kukusanya ushuru wake. Msitu wao wa Gangalamtumba haukufungwa kwa kufuli. Watu waliendelea kuvuna, ila kwa kibali na kwa malipo, na fedha ambayo zamani ilipita njiani juu ya malori ikaanza kuonekana katika shughuli za kijiji. Watafiti waliokwenda kuchunguza vijiji vya aina hii waliandika jambo ambalo nasi tunalijua kutoka kwenye sadaka: fedha inayosomwa hadharani hukaa, na fedha isiyosomwa huyeyuka. Kamati isiyotoa taarifa ya mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu inajichimbia kaburi, hata kama wajumbe wake ni waaminifu.

Tena faida si fedha tu. Huko Rungwe, wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kima mmoja wa msituni waliyemwita kipunji. Waliowasikiliza walidhani ni hadithi tu. Mwaka 2003 wanasayansi wa shirika la uhifadhi la WCS, waliokuwa wakifanya kazi na watu wa vijiji vya Mlima Rungwe, walimwona kwa macho yao. Mwaka 2005 alitangazwa kwa ulimwengu kuwa spishi mpya, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, ya kwanza mpya kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923, na jina la jenasi hiyo likachukuliwa kutoka kwenye mlima huo wa Rungwe. Kipunji huyohuyo alipatikana pia katika msitu wa Ndundulu, kwenye Milima ya Udzungwa. Hebu tulitafakari hilo taratibu. Mungu aliumba kiumbe, akamweka juu ya vijiji vyetu, na walioshika habari zake miaka yote ile walikuwa wazee wasio na shahada. Ninapomwona mzee wa namna hiyo kwenye kamati ya kijiji, ninaona hazina ambayo hakuna mradi unaoweza kuileta kwa gari.

Sasa nirudi kwa Nehemia, sura ya tatu, ile ambayo wasomaji wa zamu huiogopa kwa sababu ya majina. Kuhani mkuu Eliashibu ametajwa wa kwanza, naye alijenga kwa mikono yake pamoja na makuhani wenzake. Yumo mfua dhahabu, yumo mtengeneza manukato. Yumo Shalumu pamoja na binti zake, na hao mabinti hawakuwekwa pembeni wapike uji wa wajenzi. Yumo Malkiya, aliyepewa Lango la Jaa, mahali ambapo taka za mji mzima zilipitia, naye alilijenga akaweka milango na makomeo. Halafu katikati ya orodha kuna mstari mmoja unaouma. Watu wa Tekoa walijenga, ila wakuu wao hawakukubali kutia shingo zao katika kazi ya Bwana. Roho Mtakatifu aliona vema hata hilo liandikwe.

Ugumu wa kazi ya kamati uko hapo hapo, kwa watu wa kwetu wenyewe. Simba na miiba si kitu. Ugumu ni ndugu. Mjumbe anamkuta shemeji yake amefungua kinyungu, yaani bustani ya bondeni, kwenye chemchemi, ndani ya zile mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazikataza kulimwa. Anamkuta mtoto wa mwenyekiti na magunia ya mkaa juu ya pikipiki. Anamkuta mzee wa kanisa lake. Akiandika faini, kesho kwenye msiba watu wanasogea wasikae naye benchi moja. Anaambiwa damu nzito kuliko maji. Ni kweli ni nzito, lakini wote wenye damu hiyo wanateka kwenye chemchemi ile ile.

Na hapa nawaambia wajumbe wenyewe neno moja kwa upendo. Katika sura ya tano watu maskini walimlilia Nehemia kwamba wameweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka, na yeye hakuwakaripia maskini. Aliwageukia wakuu waliokuwa wakiwanyonya. Mjane mwenye mzigo wa kuni kavu kichwani si adui wa msitu. Lori linalopita saa nane za usiku ndilo. Kamati inayomtoza mjane na kulifumbia macho lori imekwisha kuwa sehemu ya wizi. Tena Nehemia, akiwa liwali, alikaa miaka 12 bila kula posho ya liwali, kwa sababu aliona mzigo wa watu ulikuwa mzito tayari. Sisemi mjumbe wa kamati afanye kazi na njaa. Kijiji kinachopata mapato ya msitu kiwanunulie buti na makoti ya mvua, ni haki yao. Ninasema mfano upo.

Neno lililobaki ni la kwetu, kanisa. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na injili ikaenea katika nyanda hizi kwa haraka ya kumshukuru Mungu. Kabla yao misitu mingi ya matambiko ilikuwa haikatwi, kwa sababu watu waliiogopa. Kule Lubaga kwa Wanyakyusa, kule Nyumbanitu kwa Wabena, shoka halikuingia ovyo. Sisi wahubiri tuliwafundisha watu wasiogope mizimu, na tulifundisha vema. Lakini hofu ilipoondoka hatukuweka mahali pake mafundisho ya kutosha juu ya Muumba wa mti ule, na shoka likaingia. Deni hilo bado liko mikononi mwetu, na halilipwi kwa kupanda miche kumi siku ya maadhimisho, tukapiga picha na kuiacha ife kiangazi.

Deni lenyewe linaonekana zaidi tunapojenga. Kila usharika unataka kanisa jipya, kila parokia inataka nyumba ya padri, na matofali yetu mengi ni ya kuchoma. Tanuru moja linameza kuni nyingi kuliko kaya nyingi kwa mwaka. Kuni hizo zinatoka wapi, na nani aliziruhusu? Wazee wa kanisa, kamati ya ujenzi, mmeuliza? Kama ni za mikaratusi au misindano ya mtu aliyoipanda mwenyewe, sawa, lipeni na chukueni risiti. Kama ni za msitu wa kijiji, nendeni kwenye kamati mkaombe kibali na mlipe ushuru kama mlipaji mwingine yeyote, kisha mkionyeshe kibali hicho mbele ya usharika siku mnaposoma mapato na matumizi ya ujenzi. Mbao zisizo na alama ya nyundo ya serikali wala risiti zisiingie madhabahuni. Kanisa likiomba msamaha wa ushuru kwa sababu ni nyumba ya Mungu, linamfundisha kila mkristo kuomba msamaha kwa sababu ni shemeji.

Tena tusidhani tunajilindia chemchemi zetu peke yetu. Maji yanayoshuka kutoka Uporoto na Kipengere yanaingia bonde la Usangu, na Ndembera inayaongezea ya Mufindi. Yakitoka Ihefu yanakuwa Ruaha Mkuu, yanawanywesha tembo na viboko wa Hifadhi ya Ruaha, yanajaza Mtera, yanazungusha mitambo ya Kidatu, kisha yanaingia Rufiji. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi utatiririka tena mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2010 ukafika, na viboko bado walikuwa wakisongamana kwenye madimbwi ya matope. Wafugaji wameondolewa Usangu kwa nguvu, na machozi yao Mungu aliyaona, lakini mto haukurudi kwa sababu hiyo. Mto unahitaji mtu wa Chimala afunge mfereji wake zamu yake inapokwisha, na mtu wa Rungwe auache mti juu ya chemchemi, ingawa wote wawili hawatamwona kamwe yule wa chini anayenufaika. Kumpenda jirani usiyemjua kwa sura ni amri ngumu, na jumuiya za watumia maji zinajifunza kuitimiza kila kiangazi, pale mlangoni pa mfereji.

Kwa hiyo, wapendwa, Jumapili hii katika maombi ya kanisa zima, wajumbe wa kamati za maliasili na viongozi wa jumuiya za watumia maji wa kijiji chenu watajwe kwa majina, kama tunavyowataja wagonjwa na wasafiri. Aliyetengwa na ukoo kwa sababu aliandika faini ya haki, wazee wa kanisa waende nyumbani kwake wakae naye. Na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria huitishwa kila baada ya miezi mitatu, msiuache kwa watu wale wale. Nendeni, wanaume kwa wanawake. Ulizeni taarifa ya msitu, sikilizeni hesabu zikisomwa mpaka mwisho, na siku ya uchaguzi wa kamati, mwenye miguu mizima na moyo safi asimame agombee.