Sadaka ya Umeme wa Wenzangu

Ipo sadaka ambayo mtu huitoa akiwa usingizini. Unaweka programu kwenye kompyuta yako, na kila kompyuta inapokaa bila kazi, programu hiyo hupiga hesabu kwa ajili ya watafiti walio mbali. Mradi wa climateprediction.net, ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, mwaka 2003, unatabiri tabianchi kwa njia hiyo.

Wataalamu hawana uhakika na namba zote za kuingiza kwenye hesabu zao, mathalani mawingu hugeuka mvua kwa kasi gani. Kwa hiyo kila anayejitolea hupewa dunia yake, iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake. Mwaka 2005 matokeo ya dunia zaidi ya 2,000 yalichapishwa katika jarida la Nature. Hewa ukaa ikiongezeka maradufu, dunia nyingine zilipata joto la chini ya nyuzi 2, nyingine zaidi ya 11. Hujui kama uliyopewa wewe inafanana na hii tunayoishi. Hata iliyokosea ina kazi, maana bila hiyo mipaka ya makosa haijulikani. Jambo hili lilinivutia sana, nikaiweka programu.

Hosteli tunaishi watatu, mita ni ya tokeni, na tunachanga sawasawa. Wiki ya mitihani umeme ukakatika usiku, siku nyingi kabla ya kawaida. Mwenzetu mmoja, akisoma kwa tochi ya simu, akauliza kompyuta yangu hufanya nini usiku kucha. Nikamweleza kwa fahari. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo sadaka tumetoa sote watatu, ila thawabu umeandikiwa wewe peke yako?"

Nilicheka, kisha sikulala. Kompyuta iliyotulia hula umeme kidogo. Ikipiga hesabu, prosesa hupata moto na feni hulia. Kile nilichokiita nguvu iliyolala kilikuwa uniti ndani ya mita, na theluthi mbili zake hazikuwa zangu.

Nilijitetea moyoni kwamba utafiti ni kwa manufaa ya wote, hata ya wazazi wake wanaolima kwa kungoja mvua. Tena umeme wetu mwingi hapa Uganda unatokana na maji ya Nile, si makaa ya mawe. Yote ni kweli, lakini hakuna hata moja linalonipa idhini. Wema wa jambo haugeuzi mali ya mwenzangu kuwa yangu. Na kama kiasi ni kidogo hivyo, kuomba kungekuwa rahisi zaidi. Sikuomba kwa sababu nilijua angeweza kukataa. Wapo wanaoshauri tuiweke programu hii kwenye kompyuta za maabara ya chuo, kwa kuwa hakuna atakayegundua. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutofanya hivyo.

Niliwaomba radhi wote wawili, nikanunua tokeni kwa fedha yangu. Mmoja akakubali niendelee. Aliyesoma kwa tochi akasema tungoje mitihani iishe. Dunia yangu sasa imesimama katikati ya hesabu, na kila jioni akiingia ananiuliza kama huko mvua imeshaanza.