Nani Abebe Hasara ya Mpiga Mbiu?

Yako maradhi yaanzayo zizini kabla ya kuingia nyumbani, na sisi wa Singida, tulio watu wa ng'ombe, mbuzi na kuku, yatupasa kuyafikiri kuliko wengi. Twataka kunena juu ya swali moja tu. Mtu wa kwanza kuona dalili ya maradhi, akatoa habari, kisha akapata hasara kwa sababu ya habari ile, hasara yake ataibeba nani?

Na tutwae mfano wa homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu huweza kukaa miaka mingi ndani ya mayai ya mbu, katika udongo mkavu wa mabondeni. Maji yakituama, mbu huanguliwa pamoja na ugonjwa wao. Mwisho wa mwaka 2006 mvua kubwa zilinyesha Afrika ya Mashariki. Wataalamu waliokuwa wakiangalia joto la bahari na mvua kwa vyombo vya angani walikuwa wamekwisha kutoa onyo. Mwezi wa Desemba wagonjwa walionekana Kenya. Januari 2007 walionekana Arusha. Kufikia mwezi wa Mei maradhi yalikuwa yameingia mikoa 10, Singida ikiwamo, na jirani zetu wa Dodoma ndio walioumia kuliko wote. Katika watu 309 waliohesabiwa, walikufa 144. Karibu nusu yao!

Basi, dalili ya kwanza haionwi na daktari. Huonwa na mchungaji, asubuhi, akutapo kondoo na mbuzi wengi wameharibu mimba kwa pamoja na wadogo wamekufa. Huonwa na mama akamuaye maziwa. Watu hawa wakitoa habari, huenda mnada ukafungwa, mifugo ikazuiwa kuhama, na jirani wakawanung'unikia. Na ada ya mtoto yatoka katika mnada ule ule. Akinyamaza je? Mara nyingi atamchinja upesi mnyama aliye mgonjwa, apate japo bei ya nyama. Na kwa damu na nyama hiyo mbichi ndivyo ugonjwa umshikavyo mwanadamu. Kimya chake hakikai kimya.

Wako wenzetu wasemao, wajibu ni wajibu. Uhai wa mtu wapita ng'ombe mia. Twakubali. Lakini mwenye kusema hivyo mara nyingi ana mshahara wake wa mwezi, wala mnada ukifungwa hapungukiwi na kitu. Mkoa mzima ukiokoka kwa hasara ya mtu mmoja, mkoa una deni kwake. Tusiliite sadaka. Yule Msamaria hakumwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba kumwuguza majeruhi ni wajibu wake, akaenda zake. Alitoa dinari mbili kwanza, akaahidi kulipa gharama iliyozidi.

Taifa letu limefanya mengi ya kusifiwa. Februari 2016 Tanzania ilikubali kupimwa na wageni jinsi ilivyo tayari kwa maradhi ya ghafula, kama mwanafunzi aombaye mtihani kwa hiari (jambo adimu, walimu twajua). Ukafuata mpango wa taifa wa miaka 2017 hadi 2021, na mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu ikapata Dawati la Afya Moja, ili waganga wa watu na waganga wa mifugo washauriane. Haya yote ni mema. Lakini maabara haipimi damu isiyoletwa, na aletaye ni yule mchungaji.

Tutaambiwa kwamba fidia italeta uongo, na mbuzi waliokufa kwa njaa watadaiwa kuwa wamekufa kwa homa. Neno hili ni la kweli. Kwa hiyo hesabu ya mifugo ya kila kitongoji na iandikwe mapema, mbele ya mkutano wa kijiji, hali watu wakijuana. Tena malipo yawe madogo na ya upesi kuliko makubwa ya mwaka ujao.

Fedha zitoke wapi? Halmashauri hutoza ushuru minadani. Sehemu yake na iwekwe kando katika miaka ya heri, wala isicheleweshwe: kabla ya mvua za 2006, nchi ilikwisha kuupata ugonjwa huu baada ya mvua za 1997, miaka 9 tu nyuma.