Mtu na Ngoma Yake

Kijana hurudi kijijini kutoka Bunia, gitaa begani, na midomoni mwake zimo nyimbo za rumba alizozisikia mjini. Kabla hajawasalimu wazee, wamekwisha kumhukumu: huyu ni mlevi na mpenda anasa. Mwenzake hujifunza nyimbo za Misa kila jioni. Vijana humcheka, wakisema kwamba amejifanya mzungu. Wa tatu hupiga adungu, kinubi cha Waalur, kama walivyopiga babu zake. Naye huitwa mpagani. Wote watatu ni wakatekumeni, nao huketi benchi moja mbele ya katekista. Hakuna aliyewauliza habari za mioyo yao. Masikio ya watu yametosha kutoa hukumu.

Hukumu ya namna hii ni ya kale. Kitabu cha pili cha Samweli chasimulia jinsi mfalme Daudi alivyolileta Sanduku la Agano Yerusalemu, akicheza kwa nguvu zake zote mbele ya Bwana. Mikali, mkewe, alichungulia dirishani, akamdharau moyoni. Aliiona miguu ya mumewe. Sala yake hakuiona. Lakini Daudi hakuona haya, maana alijua anamchezea nani.

Kosa la Mikali liliingia hata kanisani. Zamani wamisionari wengi walizikataza ngoma katika ibada, wakidhani kwamba kila ngoma ni ya mizimu. Lakini mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, pamoja na waimbaji wake Wakongo, waliimba Misa kwa sauti na ngoma za nchi, ile ijulikanayo kama Missa Luba. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Na mwaka 1988 Roma iliidhinisha utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule. Katika Misa hiyo padri na watumishi huizunguka altare kwa kucheza, wakati waamini wanapoimba Utukufu. Ngoma ni ile ile. Iliyogeuka ni hukumu ya watu.

Je, basi, wimbo hauna nguvu juu ya mtu? Unazo nguvu nyingi. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Tagaste, alibatizwa na Mtakatifu Ambrosio mjini Milano mwaka 387. Siku zile, aliposikia nyimbo za Kanisa, alilia machozi, na kweli ikaingia moyoni mwake pamoja na sauti. Lakini baadaye alijichunguza, akaona kwamba mara nyingine sauti yampendeza kuliko maneno yaimbwayo. Akaungama kwamba hilo ni kosa. Wimbo ni kama chakula: ukiisha kuliwa, hukaa ndani. Arudiaye kila siku wimbo wa kumtukana jirani, mwisho huyaamini matusi yake mwenyewe.

Watu wa Ituri wanajua dharau hufika wapi. Katika vita vya miaka 1999 hadi 2003 wengi waliuawa, Wahema na Walendu na wengineo, si kwa tendo walilolitenda, bali kwa kabila walilohesabiwa kuwa ni lao. Mauaji hayaanzi kwa panga. Huanza pale mtu asikiapo ngoma ya ng'ambo ya kilima, akasema: hao si watu kama sisi.

Kwa hiyo mkatekumeni na aupime wimbo wake mwenyewe. Maneno yake yasema nini? Ukiisha, waacha moyoni upendo au chuki, usafi au tamaa? Lakini wimbo wa jirani asiupime kutoka dirishani kama Mikali. Na aende kwake, aketi, amwulize maana yake.

Siku ya ubatizo padri hamwulizi mtu ni ngoma gani aipendayo. Humwuliza kama amkataa Shetani na kazi zake zote, na kama amsadiki Mungu. Naye amdharauye ndugu yake kwa sababu ya ngoma yake, angali ameishika mkononi kazi mojawapo ya Shetani.