Fedha Ilalayo Huku na Kuamkia Kule

 

Imetufikia katika darsa yetu barua ya ndugu mmoja, mzaliwa wa pwani, aliyehamia Rongo, mji ulioko baina ya Kisii na Migori katika njia kuu iendayo mpaka wa Tanzania. Huko ana duka, na pamoja na duka hununua njugu kwa wakulima, wengi wao wanawake, akazipeleka mijini kuziuza. Ana akaunti mbili. Ya kwanza ni ya biashara, nayo haizai kitu. Ya pili ni ya akiba, ambayo benki huihesabia ziada kila siku kwa kadiri ya fedha zilizolala humo. Basi kila Alkhamisi jioni huzihamisha fedha zote za biashara akazitia katika akiba, na Jumatatu asubuhi huzirejesha. Atuuliza kuna ubaya gani, maadamu fedha ni zake, akaunti zote mbili ni zake, wala hakumkopesha mtu.

Twamshukuru kwa kuuliza, kwani wafanyao hivi ni wengi na waulizao ni wachache. Zamani jambo hili lilikuwa zito: mtu ahitaji kwenda benki, apange foleni, aandike karatasi. Leo lafanywa kwa simu, mtu ameketi barazani. Tangu 2012, ilipoanza M-Shwari, hata mwenye shilingi mia aweza kuziweka akiba mkononi mwake zikazaa. Na tangu 2017, ilipoanza PesaLink, fedha hutoka benki hii zikaingia ile kwa dakika chache. Shetani hakupata kurahisishiwa kazi namna hii.

Tuanze na neno lake kwamba hakumkopesha mtu. Hapo ndipo kosa lilipo. Fedha aziwekazo mtu benki hazikai sandukuni zikingoja kurudishwa zile zile. Lau zingekuwa amana, benki isingekuwa na ruhusa ya kuzigusa. Lau zingekuwa rasilmali ya ushirika, mwenyewe angeshiriki hasara kama ashirikivyo faida. Lakini benki yazitumia itakavyo, na imejifunga kuzirudisha kamili pamoja na nyongeza. Hata ikifilisika, kuna bima ya serikali ilipayo mpaka shilingi 500,000 kwa kila mteja, kiwango kilichowekwa mwaka 2020. Mali itumiwayo na mwingine, na kurudishwa kwa dhamana, jina lake katika fiqhi ni mkopo, liitwe akiba au liitwe vyovyote. Na nyongeza iliyoshurutishwa juu ya mkopo ndiyo riba ambayo Mola wetu ameitenga na biashara katika Suratul Baqara, aya ya 275.

Hatufichi kwamba wako wanavyuoni waliosema vingine. Baraza la Utafiti wa Kiislamu la Al-Azhar liliamua mwaka 1965 kwamba ziada ya benki ni riba. Kisha mwaka 2002 baraza hilo hilo, katika zama za Sheikh Tantawi, likaihalalisha faida iliyokadiriwa mbele. Lakini Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah ilikwisha kuiharimisha mwaka 1985, na huo ndio msimamo wa walio wengi, nasi ndio tuushikao. Atakayeufuata uamuzi wa 2002 kwa ilimu, hatumtukani. Twamsema yule aufuatao kwa sababu umemletea fedha.

Atasema mtu kwamba yeye ahamisha tu, na kuhamisha si dhambi. Ni kweli, kuhamisha peke yake si dhambi. Bali watu wa pwani tujiangalie sana kwa mambo ya namna hii, maana tuna historia nayo. Wazee wetu wa Unguja na Pemba, walipotaka fedha, hawakuandika kwamba wamekopa kwa riba. Waliandika kwamba wameliuza shamba la karafuu kwa bei khiyari, yaani kwa sharti la kulikomboa. Kisha mwenye shamba akabaki pale pale, akilipa kodi kwa shamba lake mwenyewe. Kodi ile ilikuwa ni riba iliyovishwa kanzu. Karatasi zilikuwa safi, mashahidi walikuwa waadilifu, na mashamba yakawa yakihama mpaka serikali ikatoa amri mwaka 1934 kuzuia ardhi isiendelee kuingia mikononi mwa wadai. Na kabla ya hao walikuwako watu wa Sabato, ambao habari zao zimo katika Suratul A'raf, waliokatazwa kuvua siku ile wakatafuta njia ya kuvua.

Sasa tuje kwenye neno moja ambalo ndugu yetu amelitaja mwisho wa barua kana kwamba si kitu, nalo ndilo lililotushughulisha darsa nzima. Amesema kwamba wakulima wa njugu huleta mizigo yao Alkhamisi, naye huwalipa Jumatatu.

Tulifanya hesabu. Tuseme fedha hizo ni shilingi 200,000, na ziada ni asilimia 6 kwa mwaka. Kwa nyusiku nne zapatikana shilingi 131. Serikali yakata kodi ya asilimia 15. Zabaki kama shilingi 112, na bado ada ya kuhamisha. Kwa ajili ya hizo, mama aliyepalilia na kuchuma na kumenya ahesabiwa njugu zake mbele ya macho yake, kisha aambiwa aende kwao mikono mitupu mpaka wiki nyingine. Na Ijumaa mtoto akifukuzwa shule kwa ajili ya ada, mama huyo atafanya nini? Atakopa kwa simu. Mkopo wa M-Shwari ulianza kwa kutozwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Akichukua shilingi 3,000 atadaiwa 225 juu yake. Ndugu yetu amepata 112 kwa fedha za watu wote waliomletea mizigo, na mmoja tu katika hao amepoteza mara mbili yake. Hakumkopesha mtu, asema. Kweli, hakukopesha: amekopa kwao bila idhini yao, akaikopesha benki. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekuita kuchelewesha kwa tajiri kulipa deni kuwa ni dhulma, wala hakubagua baina ya mdai Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Wanawake hao wa Rongo hawaujui Uislamu ila kwa yule anunuaye njugu zao.

Basi jawabu letu ni hili. Awalipe Alkhamisi, kabla hazijalala popote. Zilizo zake mwenyewe, akitaka zizae, azizungushe katika bidhaa, au azitie katika ushirika wa faida na hasara. Tangu 2008 nchini Kenya ziko benki zilizojifunga na sharia, na mudharaba waujua. Aulize na huko pia, asitosheke na jina la Kiarabu mlangoni. Na ziada alizokwisha kuzichukua, azitoe katika maslaha ya watu wote, bila kutumaini thawabu ya sadaka.

Wala tusijifanye wasafi. Fedha za darsa hii zilikaa katika akaunti ya akiba miaka miwili, zikizaa, nasi twasoma mlango wa riba kila Jumapili. Mpaka kijana mmoja, mdogo kuliko sote, akauliza karatasi ya benki yasemaje. Tulinyamaza kitambo. Kisha tukazihesabu ziada zile zote, zikatumika kutengeneza choo cha soko, na jina la darsa halikuandikwa ukutani.