Ahadi ni Deni, Hata kwa Mbwa Kiwete

Somo la juma: 2 Samweli 9:1–13



Daudi alipokwisha kukaa imara katika kiti cha enzi, aliulizia kama amebaki mtu yeyote wa ukoo wa Sauli. Wafalme wa zamani walipouliza swali la namna hiyo, mara nyingi walikuwa wanatafuta wa kumaliza. Daudi alikuwa anatafuta wa kumfanyia hisani, kwa sababu ya kiapo alichomwapia rafiki yake Yonathani, mwana wa Sauli. Akaambiwa yuko mmoja, Mefiboshethi mwana wa Yonathani, kiwete wa miguu yote miwili tangu yaya alipomwangusha akiwa na miaka 5, na anaishi nyumbani kwa watu huko Lo-debari. Alipoletwa mbele ya mfalme alianguka kifudifudi, na alipotafuta kitu cha chini kabisa cha kujifananisha nacho, alimtaja mbwa mfu.

Juma hili naomba tumtazame huyo mbwa.

Sisi ambao riziki yetu iko Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, tunamjua. Mchana huwezi kumwona. Njia imejaa wachukuzi wenye magunia ya sukari na katoni za sabuni, wateja kutoka Bunia na Juba wanahesabu mizigo yao, na kila mtu anapiga kelele apishwe. Usiku pilikapilika zikipungua, mbwa hutokea upande wa mfereji wa Nakivubo na kupita mbele ya maduka yaliyofungwa. Hulamba mahali palipomwagika unga, hupekua maganda ya matoke na mifupa iliyoachwa na wauza chakula. Askari wa usiku wanawatambua mmoja mmoja: yule mwenye sikio lililoraruka, yule anayekimbia kwa miguu mitatu tangu agongwe na bodaboda. Lakini huwezi kuwakaribia. Ukiinama tu, hata kama unaokota ufunguo ulioanguka, wote hutawanyika. Maisha yamewafundisha kwamba mtu anayeinama anaokota jiwe.

Hofu hiyo ina chanzo chake. Mtoto wa mbwa huzoea watu tangu wiki ya 3 ya maisha yake mpaka kati ya wiki ya 12 na ya 14. Akipita umri huo bila kushikwa na mkono wa upole, huenda akaogopa binadamu maisha yake yote. Unaweza kumwokoa kutoka barabarani, ukamtibu, ukamlisha, naye asikutingishie mkia hata siku moja. Huyo ndiye mbwa koko, na ndiye asiye na wa kumchukua.

Wapo watu hapa Uganda waliokubali kuwapokea wanyama wa namna hii. Chama cha USPCA, kilichoanzishwa mwaka 1996, kinaendesha makazi yanayoitwa The Haven. Kwa majirani zetu wa Kenya, KSPCA ya Nairobi inafanya kazi hiyo tangu mwaka 1910. Mbwa mchanga mwenye afya na manyoya mazuri hupata familia ya kumchukua. Wanaobaki ni mwenye miguu mitatu, kipofu, mzee, yule anayejificha pembeni kila akiona mtu, na yule aliyevunjika uti wa mgongo. Mbwa aliyetunzwa vizuri huweza kuishi miaka 10 hadi 13, na wengine huzidi hapo. Kumtoa mmoja mtaroni ni kazi ya siku moja. Baada ya hapo inabaki miaka yote hiyo ya kumtunza.

Tujue kazi hiyo ilivyo. Mbwa aliyepooza sehemu ya nyuma mara nyingi hawezi kukojoa mwenyewe. Mtu lazima ashike tumbo lake kwa mikono miwili na kumkamua taratibu, mara kadhaa kila siku, Jumapili na sikukuu pia. Ikiachwa, mkojo hukaa, kibofu hupata maambukizi, na figo hufuata. Matandiko yake hubadilishwa, ngozi inayosuguana na sakafu hukaguliwa isifanye vidonda, na kila siku posho yake na dagaa wa mukene vinapikwa. Anayeifanya kazi hii anahitaji mshahara. Dawa zinanunuliwa. Daktari wa wanyama naye ana watoto wa kusomesha. Na pale ambapo maumivu yameshinda dawa, daktari huyo huyo ndiye wa kuamua kwa huruma kama ni wakati wa kumpumzisha mnyama.

Turudi sasa kwenye somo letu. Daudi angeweza kumpa Mefiboshethi mfuko wa fedha, akamsifu marehemu Yonathani mbele ya watu, kisha akamrudisha Lo-debari. Hakufanya hivyo. Alimrudishia mashamba ya babu yake, akamwita Siba, mtumishi wa nyumba ya Sauli, mwenye wana 15 na watumishi 20, akawaagiza wote wayalime ili nyumba hiyo isikose chakula. Mefiboshethi mwenyewe akala mezani pa mfalme siku zote. Wema wa Daudi ulikuwa na shamba, wafanyakazi na msimamizi. Ulipangwa udumu.

Na tazameni sura hiyo inavyomalizika: kwa kutukumbusha kwamba Mefiboshethi alikuwa kiwete miguu yote miwili. Hakupona, wala hapana mahali tunapoambiwa kwamba alimfaa mfalme kwa vita au kwa kazi. Alikula mezani akiwa kiwete, na nafasi yake ilikuwa halali kama ya wana wa mfalme. Sisi tunapenda kusaidia pale ambapo kutakuwa na ushuhuda mzuri wa kusimulia baadaye. Neno la Mungu linatuonyesha huruma isiyodai matokeo. Mbwa koko atakayekuogopa mpaka kufa ni mwalimu wako wa huruma hiyo.

Kule Gulu, ndugu zetu wa kaskazini wametuonyesha jambo hili likitendeka. Francis Okello Oloya alipoteza macho akiwa kijana wa miaka 12, bomu lililoachwa na vita lilipolipuka shambani. Shuleni alikokuwa akilala, usiku alipotoka kwenda chooni, mbwa ndio waliomsindikiza gizani. Alipokua aliongoza mradi wa Comfort Dog Project, ulio chini ya shirika la The BIG FIX Uganda. Mbwa waliokuwa wakitangatanga hutibiwa, huchanjwa na kufungwa uzazi, kisha kila mmoja huunganishwa na mtu aliyebeba majeraha ya rohoni tangu enzi za vita vya waasi wa LRA. Mtu huyo huhudhuria mafunzo pamoja na mbwa wake, na huahidi kumtunza maisha yake yote. Watu waliopoteza karibu kila kitu wanakubali kifungo cha miaka mingi kwa ajili ya mnyama. Sisi wenye maduka tutasema nini?

Najua mtakaloniuliza, kwa sababu ni swali la haki. Mchungaji, wachukuzi wetu wanalala barazani, wajane wanakosa kodi ya nyumba, nawe unatuhubiria mbwa? Kwanza, Mithali 12:10 inaiweka huruma kwa mnyama kuwa alama ya mwenye haki, na haikuweka sharti kwamba kwanza umaskini wote uishe. Ndugu zetu Waislamu tunaopakana nao maduka wanayo hadithi mashuhuri ya mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Sijaona aliyeanza kuwa mkarimu kwa kiumbe dhaifu akawa bahili kwa jirani yake.

Pili, jambo hili linahusu watoto wetu pia. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemewa. Shirika la Afya Duniani linasema watu 4 katika kila 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Mwanao akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitali akachanjwe siku hiyo hiyo. Ili ugonjwa ukome kuenea, asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapaswa kuchanjwa. Lakini miji yetu imezoea kutega sumu ndani ya nyama. Mbwa aliyepata chanjo hufa pamoja na asiyepata, na nafasi zao huzibwa na wengine wasiochanjwa. Mbwa aliye chini ya ulinzi wa mtu, amechanjwa na amefungwa uzazi, ni salama kwa mtaa mzima.

Sasa nasema na wafanyabiashara. Mhubiri, sura ya 5, anatuonya kwamba afadhali usiweke nadhiri kabisa kuliko kuiweka usiitimize. Ukimfadhili mbwa kwa miezi mitatu kisha ukanyamaza, umemwachia mtunzaji mzigo ulioahidi kuubeba, na makazi yanayopokea wanyama wengi kuliko uwezo wake huishia kuwatesa upya. Daudi naye alibanwa baadaye, wakati Wagibeoni walipodai watu wa nyumba ya Sauli wauawe. Katika 2 Samweli 21 tunasoma kwamba alimwacha Mefiboshethi kwa sababu ya kile kiapo. Ahadi hupimwa siku inapokugharimu.

Tena fuatilieni fedha zenu. Siba, yule msimamizi, alikuja kumsingizia bwana wake mbele ya Daudi, na mfalme akampa mali yote kabla ya kusikiliza upande wa pili. Kikuubo hakuna anayepeleka mzigo bila risiti. Vivyo hivyo ulizeni mbwa wenu anaitwa nani, anaumwa nini, dawa zake zinagharimu kiasi gani kwa mwezi, na daktari alimwona lini. Mtunzaji mwaminifu hataudhika kuulizwa.

Wengi wenu mnacheza upatu, ambao ndugu zetu wa Kongo huuita likelemba, na hakuna anayethubutu kukosa zamu yake. Kwa nidhamu hiyo hiyo, naomba maduka 10 yaungane, yachague mbwa mmoja asiye na wa kumchukua, na yatume mchango wake kwa simu kila mwezi. Andikeni katika daftari lenu nani atashika nafasi ya mwenzenu akihama au akifa. Asiye na fedha ana mikono: makazi ya wanyama yanahitaji wa kufua matandiko na wa kupika posho. Asiye na nafasi ya kufanya hata hilo, basi asiokote jiwe, na mtoto wake asimwone akiliokota.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Baada ya ibada ya Jumapili hii nitakuwa mlangoni na daftari. Njoo uandike jina lako ikiwa tu umekusudia kulipa mwezi huu, mwaka ujao, na kila mwaka mpaka mbwa huyo atakapofumba macho.