NABII ALIYESEMA MIAKA SABINI



Vijana wenzangu, leo tuanze na simu zetu. Fungua status za rafiki zako siku matokeo ya mtihani yanapotoka, au siku ya kuzaliwa ya mtu, au Jumatatu tu ya kawaida. Hutakosa Yeremia 29:11, ule mstari ambao Mungu anawahakikishia watu wake kwamba anayowapangia ni ya heri na kwamba mbele yao kuna tumaini. Hata mimi niliwahi kuuandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la seminari. Ni mstari mzuri sana. Ila leo naomba tuusome pamoja na majirani zake, maana nimemwona mtu wa karibu akiumizwa kwa mstari huu huu.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Dada yangu, binti wa mama mdogo, anafanya biashara ya usipa. Ananunua kwa wavuvi alfajiri mitumbwi inaporudi, anaanika, wakikauka anawapeleka Songea. Nilipofika nilikuta chanja zake tupu. Nikauliza kama ziwa limechafuka. Akasema ziwa liko sawa, mtaji ndio haupo.

Kumbe alikuwa anamfuatilia "nabii" mmoja kwenye simu. Huyo alimwambia kwamba ndani ya siku tisini maisha yake yatageuka, na mstari aliopewa ni huo huo wa Yeremia. Ila alitakiwa kwanza apande mbegu. Akatuma shilingi laki tatu na nusu, karibu mtaji wote. Siku tisini zikapita. Alipouliza, akajibiwa kwamba imani yake ilikuwa ndogo.

Halafu akanigeukia. "Frateri, we si unasoma mambo ya Mungu? Niambie basi, huyu ni nabii wa kweli au si wa kweli?"

Jamani, nina digrii ya falsafa. Nilianza kumpangia hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamweleza kosa la kufikiri liko wapi, jinsi mtu anavyoweza kusema jambo ambalo haliwezi kuonekana la uongo hata lisipotokea. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa kaka. Ila wewe jioni una uhakika wa kula. Yule alikuwa ananiita kwa jina langu. Nyie kanisani nani ananiambia neno?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kukaa ufukweni.

Huko ndiko nilikomkumbuka Yeremia. Fungua sura ya 28. Ni mwaka wa nne wa mfalme Sedekia, kama miaka 594 kabla ya Kristo. Nebukadreza ameshachukua watu wengi kwenda uhamishoni Babeli pamoja na vyombo vya hekalu. Yeremia anatembea Yerusalemu amevaa nira ya mti shingoni, akiwaambia watu wakubali kwanza mzigo huu, wasidanganyane. Anatokea Hanania wa Gibeoni, naye ni nabii, na anasema kwa jina la Bwana mbele ya makuhani na watu wote. Ujumbe wake ni mtamu: ndani ya miaka miwili vyombo vitarudi, mfalme atarudi, wote watarudi. Anaivua nira shingoni mwa Yeremia na kuivunja hadharani. Ungekuwepo pale, ungempigia makofi nani?

Angalia Yeremia alivyofanya. Alijibu kwa Amina, akasema Bwana na afanye hivyo. Naye alitamani iwe kweli, walikuwa ndugu zake. Akakumbusha tu kwamba anayetabiri amani hujulikana neno lake linapotimia. Nira ilipovunjwa, hakupigana. Maandiko yanasema akaenda zake. Baadaye ndipo neno la Mungu likamjia, kwamba mmevunja nira ya mti na mahali pake itakuja nira ya chuma. Hanania alifariki mwaka huo huo, miezi miwili baada ya kusema.

Tusimfanye Hanania mhuni wa barabarani. Alichotamani kilikuwa chema: uhuru wa watu wake. Sisi wa Ruvuma tunapaswa kulielewa hilo kuliko wengine. Kila Februari 27 pale Songea tunawakumbuka wazee walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita vya Majimaji. Vita hivyo vilianzia kwa neno la Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kule upande wa Rufiji. Nasema kwa heshima, maana hawa ni mababu zetu. Alipotamka kwamba kulimishwa pamba kwa nguvu, kodi na viboko ni dhuluma, alisema kweli, na mtu anayemjua Amosi hawezi kulikataa neno hilo. Lakini kulikuwa na neno la pili: kwamba maji yale yatageuza risasi kuwa maji. Hilo halikutimia. Yeye mwenyewe alinyongwa Agosti 1905, vita vikaendelea hadi 1907, na Wajerumani walipochoma mashamba na maghala njaa ikaua makumi ya maelfu. Dhuluma ilikuwa ya kweli, kinga haikuwa ya kweli. Mambo mawili hayo yanaweza kutoka kinywani mwa mtu mmoja. Kwa hiyo mtu akigusa jeraha lako halisi, hiyo peke yake haithibitishi kwamba dawa aliyoishika ni ya Mungu. Dada yangu alikuwa na jeraha halisi. Ndiyo maana alishikika.

Na wewe Mkatoliki unayesoma ukiwaza kwamba haya ni mambo ya watu wa makanisa mengine, ngoja kwanza. Kanungu, nchini Uganda, viongozi wa lile kundi la Amri Kumi za Mungu walitoka kwenye parokia kama zetu, mmojawao akiwa padre aliyeachana na askofu wake. Walidai kupokea ujumbe wa Bikira Maria na walitangaza mwisho wa dunia kuwa Desemba 31, 1999. Siku ikapita. Wakasogeza tarehe. Machi 17, 2000 mamia ya watu waliteketea wakiwa wamefungiwa ndani ya jengo lao la ibada. Rozari walikuwa nayo. Walichokosa ni mtu wa kupima neno, na utii wa kukubali lipimwe.

Basi tunasomaje unabii? Nina mambo matatu.

Kwanza, nabii ni kinywa. Katika Kutoka 7:1 Mungu anamwambia Musa kwamba Haruni atakuwa nabii wake, na maana yake iko wazi: Haruni atasema kwa niaba ya Musa. Kuona ya kesho kunaweza kuwemo, Mungu akipenda, lakini sehemu kubwa ya vitabu vya manabii inahusu leo: mizani ya uongo sokoni, mjane aliyenyang'anywa, sadaka nono zinazotolewa na mikono yenye damu. Nabii anaiangalia leo kwa jicho la Mungu. Ukimgeuza kuwa mtabiri wa ajira na mchumba, umemfukuza kwenye kazi yake.

Pili, neno la nabii lilikuwa na wasikilizaji wake kabla halijakufikia wewe. Isaya 7 tunaisoma Majilio na kumwona Bikira na Emanueli, na tunafanya vema, kwa sababu Mathayo ametufundisha hivyo. Lakini mtu wa kwanza kulisikia neno lile ni mfalme Ahazi, anayetetemeka kwa sababu wafalme wawili wanakuja kuupiga mji wake. Kwake ilikuwa ishara kwamba Mungu hajamwacha. Katika Kristo neno likajaa hadi ukingoni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Dei Verbum namba 12, unatuagiza kutafuta mwandishi alikusudia nini na alitumia mtindo gani wa kusema, na kusoma kila sehemu ndani ya umoja wa Maandiko yote. Mstari uliokatwa peke yake unaweza kufungwa shingoni mwa mtu yeyote kama hirizi.

Tatu, neno hupimwa. Kumbukumbu la Torati 18 inasema litazame kama linatimia. Sura ya 13 inaongeza kwamba hata ishara ikitimia, kama inakupeleka mbali na Mungu, usiifuate. Mika 3 inawakemea manabii wanaoagua kwa fedha na kutangaza amani kwa anayewalisha. Naye Paulo, katika 1 Wathesalonike 5, hataki tudharau unabii, ila anataka tupime yote na kushika lililo jema. Kwa hiyo jiulize: neno hili linaniita nitubu na kutenda haki, au linanibembeleza tu? Lina bei? Na lisipotimia, nani anabeba lawama, aliyesema au mimi niliyeamini? Nabii ambaye hakosei kamwe kwa sababu wewe ndiye mwenye imani ndogo kila mara, huyo ameshakujibu.

Asubuhi iliyofuata nilimsaidia dada kuanika ndoo chache za usipa alizonunua kwa mkopo wa mama yake. Tulipomaliza tukakaa kivulini na Biblia moja. Safari hii sikuhubiri. Nilimwomba asome mwenyewe Yeremia 29 kuanzia juu. Ni barua iliyotumwa kwa watu walioko uhamishoni Babeli. Akasoma kwamba wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuolewa, wauombee heri mji ule ule walikopelekwa mateka. Mstari wa 8 unawaonya juu ya manabii wanaowadanganya. Alipofika mstari wa 10 akanyamaza. Akarudia kimoyomoyo.

"Miaka sabini?"

"Miaka sabini."

"Si wengi wao walikufa huko huko?"

"Walikufa huko huko. Waliorudi enzi za mfalme Koreshi, wengi walikuwa watoto na wajukuu."

Akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Na nyie mnatuwekea mstari mmoja tu!"

Alikuwa na haki ya kutusema. Lile tumaini la mstari wa 11 ni la kweli, lakini lilipewa watu walioambiwa papo hapo kwamba hawatatoka kesho, wala hawatasubiri wakiwa wamekunja mikono. Hanania alitoa tarehe fupi na hakuomba mtu abadilike. Yeremia alitoa muda mrefu na kazi ya kufanya leo: jenga, panda, oa, omba. Mungu hakuwaahidi kuwatoa Babeli kesho yake asubuhi. Aliwaahidi kwamba hata Babeli watamtafuta na watamwona.

Nami nimebaki na swali lake la kwanza, nani kanisani anamwambia neno. Tulipobatizwa tulipakwa Krisma Takatifu ili tushiriki ukuhani, unabii na ufalme wa Kristo. Maana yake kinywa kile ni changu na ni chako. Kama kijana mwenzetu lazima atume laki tatu na nusu ili asikie mtu akimwita kwa jina, basi kuna manabii waliobatizwa wamenyamaza, na mimi ni mmoja wao. Wiki hii mtafute mmoja. Usimpelekee hoja. Muulize hali yake, umsikilize mpaka mwisho.

Fedha yake haijarudi, na sidhani itarudi. Ila juzi niliona status yake. Yeremia bado yuko, sura ile ile ya 29. Amebadilisha mstari tu: ameweka wa 5, juu ya picha ya chanja zilizojaa usipa.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemtuma Yeremia aseme neno ambalo hakuna aliyetaka kulisikia, utupe masikio ya kulipima neno na uvumilivu wa kulisubiri. Wafariji waliodanganywa kwa jina lako. Sisi uliotupaka mafuta, utufungue vinywa tuwaambie wenzetu ukweli kwa upendo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.